Killmonger angevaa Gikomba

Katika soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, robota la makoti hufunguliwa mapema, jua likiwa bado halijavuka paa za Majengo. Kamba zikikatwa, nguo zilizobanwa tangu zitoke ng'ambo huanza kuvimba polepole kama donge la mandazi, na watu waliokuwa wakinywa chai kimyakimya husimama wote pamoja. Dakika za kwanza ni za kamera, yaani nguo safi isiyo na doa wala tundu. Ikiisha hiyo, huja kamera ya pili. Kinachobaki jioni huitwa fagia, na jina lenyewe linajieleza. Siku moja mimi nilisimama upande wa fagia, kwa kuwa nilikuwa natafuta joho.

Nilitaka joho la Aragorn, yule mrithi anayeukimbia ufalme katika filamu tatu za The Lord of the Rings. Mara ya kwanza tunapomwona amekaa kwenye kona ya nyumba ya wageni, kofia ya joho imemfunika uso, buti zimechakaa kwa matope. Hajafungua kinywa, lakini mtazamaji keshajua kwamba huyu mtu halali kitandani. Mimi nilijua hivyo nikiwa mtoto wa shule, na tangu hapo sijaweza kutazama filamu ya fantasia bila kuanza na nguo.

Koti lililonikamata lilikuwa la sufu nzito, rangi ya majani makavu, ukosi umeliwa na nondo, urefu hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama aliyekuwa akiuza aliniuliza nitalivaa wapi na Julai imeshapita. Nikamwambia ni la mambo ya sinema, kuna mkutano wa mashabiki ambapo kila mtu huja amevaa kama mhusika anayempenda. Hakucheka. Alilichukua, akalibana kiganjani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye bitana, kisha akanionyesha pindo la nyuma lilivyolika upande mmoja. Huyu alikuwa akitembea sana, akaniambia, na begi alilibeba bega la kushoto. Nikatazama bega: kweli, sufu ya kushoto ilikuwa imelainika na kung'aa.

Watu wa Gikomba husoma nguo hivyo kila siku, na ndiyo sababu nimekuwa nikiamini kwamba hakuna hadhira nchini inayostahili kusikilizwa kuhusu maleba ya filamu kuliko wao. Mhakiki huangalia nguo kwenye skrini. Muuza mitumba ameshika maelfu, na kwa kidole gumba anajua ipi ilivaliwa harusini mara moja, ipi ilifanya kazi ya shamba, ipi ilinunuliwa na haikuvaliwa kamwe.

Kuna jambo jingine kuhusu soko hili. Nguo nyingi za hapa zilishonwa kwa ajili ya baridi ambayo Nairobi haiijui. Yapo makoti ya theluji, mablanketi mazito, buti zenye manyoya ndani, glovu za ngozi. Mkaazi wa Shauri Moyo huzihitaji wiki chache za Juni na Julai, basi. Lakini nchi za fantasia nyingi ni nchi za theluji, na shabiki akiingia Gikomba huona ghala zima la Westeros, nchi ya Game of Thrones, limemwagwa juu ya turubai.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Wale walinzi wa Ukuta katika tamthilia ya Game of Thrones, akina Jon Snow na majoho yao meusi yenye manyoya mabegani, walivaa mazulia. Mbunifu wa maleba wa tamthilia hiyo, Michele Clapton, alieleza mwaka 2016 kwamba mabega yale yalikuwa mazulia ya IKEA, duka la vyombo vya nyumbani ambalo mtu yeyote wa Ulaya anaweza kuingia na kununua. Yalikatwa, yakanyolewa, yakapigwa rangi na nta hadi yakaonekana kama yameburutwa porini miaka kumi. Nilipolijua hilo sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilifurahi. Kumbe kazi yote iko kwenye mkono unaochakaza kitu kwa makusudi, ukijua jasho hupita wapi na mvua hukaa wapi.

Nimekulia mtaa usio mbali na hapa, na sinema nilizijulia kwenye kibanda cha video: mabati, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja juu ya meza. Picha ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mno kiasi kwamba sura za watu ziliyeyuka. Aliyetusaidia kufuata hadithi ni msimulizi, na vijana wa Eastlands wa rika langu hawahitaji kuambiwa DJ Afro ni nani. Sauti yake ilipanda juu ya Kiingereza, Kihindi na Kichina, ikatuambia kwa Kiswahili na Sheng nani staringi na nani adui. Lakini hata msimulizi hunyamaza apumue. Hapo tulishika nguo. Yule wa joho jeupe. Yule wa mkanda mpana. Yule mwenye kofia kama pembe. Nilipokuja kusoma, ukubwani, kwamba wabunifu wa maleba hupima kazi yao kwa kutazama kivuli cha mhusika kutoka mbali, nilikumbuka televisheni ile. Sisi tulikuwa tunatazama vivuli tu, na tuliwajua wote.

Kisha ikaja filamu ya Black Panther.

Katikati ya Februari 2018 Kisumu iliandaa onyesho la uzinduzi, na haikuwa ajabu, kwani gavana wa kaunti hiyo, Anyang' Nyong'o, ni baba yake Lupita aliyeigiza Nakia. Nairobi watu walienda kumbi za sinema wamevaa vitenge, shuka, mikufu ya shanga, kanzu, kofia za kila aina. Sijawahi kuona watu wakijipamba hivyo ili kukaa gizani. Aliyesababisha hayo ni Ruth E. Carter, mbunifu wa maleba, ambaye mwaka uliofuata alishinda Oscar kwa kazi hiyo, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya maleba. Mwaka 2023 aliipata tena kwa filamu ya pili, Wakanda Forever.

Tazama Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hii. Wekundu wao ni wekundu wa Wamaasai. Ngozi na kazi ya shanga kifuani: Carter alichota kwa Wamaasai, Waturkana na Wahimba wa Namibia. Okoye, jenerali wao, pete zake za shingo ni za dhahabu na za wenzake ni za fedha, kwa hiyo hata wakisimama ishirini kwenye mstari humkosi. Mablanketi ya watu wa mpakani mwa nchi hiyo ni ya Wabasotho. Kofia pana ya Malkia Ramonda ni isicholo, kofia ya mke wa Kizulu, ila ile ya filamu ilitengenezwa kwa printa ya 3D. Na kwenye nyumba ya kamari kule Busan, T'Challa, mfalme mwenyewe, amevaa nyeusi, Okoye nyekundu, Nakia kijani. Hizo ndizo rangi za bendera ya umajumui wa Afrika ya mwaka 1920. Mkenya hahitaji hata kwenda mbali hivyo; rangi zote tatu ziko kwenye bendera yake.

Wapo waliolalamika kwamba Carter alichanganya kila kitu, Namibia na Lesotho kwenye chumba kimoja, kama bara hili ni kijiji. Nawaelewa. Ila mimi nimekaa Gikomba, ambapo mama wa Kikamba humuuzia kijana Mluo blauzi ya Kanada chini ya mwamvuli ulioandikwa Kijerumani, na mchanganyiko haujawahi kunitisha. Linaloniuma ni jingine. Mwanamke anayetunga shanga, akiinama juani Kajiado au Narok, macho yake yakichoka mapema, jina lake halikusomwa popote ulimwengu ulipokuwa ukishangilia wekundu ule. Kazi yake ilifika Hollywood kabla yake.

Kuhusu suti yenyewe ya Black Panther, ile nyeusi inayomeza risasi, niseme ukweli: ndiyo vazi linalonigusa kidogo kuliko yote. Haina mshono wa kuufuata kwa kidole. Haichakai. Mtu asiyeweza kuchanikiwa nguo ni vigumu kumhurumia.

Anayenikaa moyoni ni Killmonger.

Wote waliomo kwenye baraza la Wakanda wamevaa nguo za nyumbani kwao. Kila mzee ana rangi ya kabila lake, kitambaa cha mababu, pambo lenye maana. Halafu huyu analetwa akiwa na pingu mikononi, damu yao kabisa, mtoto wa mwana wa mfalme, na nguo zake ni za Marekani. Kabla ya hapo tumemwona kwenye jumba la makumbusho huko London, amevaa koti la jinzi lenye manyoya ndani na miwani, akibishana juu ya vitu vilivyochukuliwa Afrika. Koti lile lingetua kwenye turubai la Gikomba lingekuwa kamera ya kwanza, lingeondoka kabla ya saa moja asubuhi. Na humo humo kwenye jumba anachukua barakoa kwa sababu ameipenda, bila kujua ni ya sherehe gani wala ilichezwa na nani.

Nilipokuwa naitazama sehemu ile ya barazani, nilijitazama na mimi. Suruali yangu ilitoka Gikomba. Shati, Gikomba. Koti, Gikomba. Nimevaa maisha ya watu wa mbali tangu utotoni, na sherehe ikifika hukimbilia kununua kitenge nionekane nina kwetu. Killmonger hana cha baba yake isipokuwa pete aliyoivaa shingoni, na alama alizojichoma mwilini mwenyewe, nundu kwa nundu, kwa kila mtu aliyemuua. Alipokosa vazi alijiandika kwenye ngozi. Waigizaji wengine walivishwa Afrika, na yeye alivishwa ukosefu wake, na mbunifu aliyeweza kuuona ukosefu huo na kuushonea koti ndiye hasa niliyesimama kumpigia makofi. Filamu inamwita adui. Mitaa hii ingemwita mtoto wa fulani aliyerudi.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020, na filamu ya pili inaanza kwa mazishi ya T'Challa, mji mzima umevaa nyeupe. Magharibi walizoea nyeusi msibani. Kwa wazee wa Pumwani, mtaa wenye misikiti ya zamani kuliko maghorofa yote yanayouzunguka, nyeupe ya maiti haihitaji maelezo. Nilikuwa nimekaa karibu na mzee mmoja wa huko, na alishusha kofia yake akaishika magotini hadi jeneza likapita.

Nirudi kwenye joho langu. Vazi la shujaa linahitaji chuma pia, na ukitoka Gikomba kuelekea Landhies Road utaisikia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, kabla hujaiona. Nyundo mia kadhaa kwa wakati mmoja, bati likigeuzwa kuwa jiko, sanduku la mwanafunzi, karai, toroli. Fundi niliyemfuata alikuwa akikunja bati juu ya kipande cha reli. Nilimwonyesha kwenye simu kinga ya mkono ninayoitaka. Aliuliza swali moja tu: mkono utakunjwa au utakaa umenyooka? Kwa sababu ukikunjwa, bati moja litakukata, lazima viwe vipande vitatu vinavyopishana kama magamba ya samaki. Hivyo ndivyo mafundi wa New Zealand walivyofikiri, wale wa karakana ya Weta waliowavisha majeshi ya The Lord of the Rings. Fulana zao za minyororo zilikatwa kutoka kwenye mabomba ya plastiki, pete baada ya pete, zikaunganishwa kwa mikono hadi zikafika mamilioni, kisha zikafanywa zionekane kama chuma. Ngila Dickson na Richard Taylor walipata Oscar ya maleba mwaka 2004. Ukiondoa tuzo na umbali, ni jua kali.

Joho lilimaliziwa kwenye kichochoro cha mafundi cherehani, pale wanaposhona nguo zilizonunuliwa dakika chache zilizopita, mteja akisubiri kwa fulana ya ndani. Nilimweleza fundi mama kwamba nataka mikono iondolewe, kofia iongezwe, na nyuma liburute kidogo chini, kama nilivyodhani nimeona kwenye filamu. Alisimamisha mguu kwenye kanyagio. Akaniuliza huyo mtu wangu anafanya kazi gani.

Nikamwambia hutembea. Miaka mingi, porini, usiku, akifuatwa.

Haliwezi kuburuta, akasema. Litanasa kwenye miiba, na likilowa litamlemea. Alinisimamisha wima, akachukua chaki, akachora mstari inchi nne juu ya ardhi, kisha akatafakari na kuupandisha inchi mbili zaidi upande wa kulia, upande wa kuchomolea upanga. Kipande kilichokatwa hakukitupa. Alikikunja akakishonea ndani ya bitana, karibu na kwapa, kiraka cha akiba, kwani mtu wa namna hiyo, alisema akiuma uzi kwa meno, atachanikiwa na hatakuwa karibu na Gikomba.