Unga Mweupe wa Kilimo Hai

Wengi hudhani kwamba unga mweupe na ngano iliyolimwa pasina mbolea za viwandani ni vitu visivyopatana, ilhali weupe ni kazi ya kinu na chekecheke, viondoavyo pumba na kiinitete cha mbegu, na kilimo hai ni amali ya mkulima kabla punje haijavunwa.

Wafaransa, ambao mkate kwao ni jambo la heshima, huupima unga kwa majivu: huuchoma katika tanuri kali mpaka yasalie madini tu, na kwa kuwa madini hayo hukaa zaidi karibu na ganda, majivu yakiwa nusu gramu na ushei katika gramu 100 unga huitwa T55, na yakizidi kidogo huitwa T65, wenye ladha ya nafaka yenyewe, nao ndio niuonao bora kwa mkate.

Lililo kubwa zaidi ni protini. Mkulima ategemeaye samadi na kunde hawezi kuilisha ngano nitrojeni kwa upesi wakati inapojaza punje, basi aghalabu protini hupungua, na kinyunga huwa laini, hakivumilii kukandwa kwa nguvu. Kwa hiyo mwokaji hodari hupunguza maji, hutia hamira kidogo, na hukiacha kiumuke taratibu kwa saa nyingi mahali pa baridi. Wala asiitilie shaka rangi ya manjano hafifu ya unga huo, maana sheria za kilimo hai haziruhusu unga kung'arishwa kwa kemikali.