Diploma mbili za injenieri: faida ao muzigo?

Matokeo ya Examen d'État yakitoka, avenue yetu hapa Lubumbashi inageuka nyeupe. Vijana wanamwangiwa poda kichwani, wamama wanapiga vigelegele, simu zinalia mupaka usiku. Kiisha juma moja poda imeoshwa, na kelele nyingine inaanza, hii ya sauti ya chini, ndani ya nyumba: mutoto atasoma nini, na nani atalipa?

Mwaka huu ile kelele iliingia kwa dada yangu. Mutoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 18 aliyesoma math-physique, alipata asilimia nzuri. Jamaa ikakutana siku ya Yenga, nyuma ya misa. Kijana akasimama, akasema bila woga:

— Mujomba, mie minataka kusoma bintu bibili, metalurjia na elektromekanika. Kampuni ikitafuta mutu wa huku, niko. Ikitafuta mutu wa kule, niko.

Mama yake akacheka kwa furaha. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, hakucheka, alikuwa anahesabu. Na mudogo wake, musichana atakayefanya Examen d'État mwaka ujao, aliuliza neno moja tu kutoka mulangoni: «Na mie?»

Hakuna aliyemujibu. Juu mimi ndiye mwenye kuandika katika gazeti, walinituma: «Wewe unajua kuuliza watu. Enda uulize.» Nilizunguka majuma mawili. Haya ndiyo niliyorudisha nyumbani. Ninayaandika hapa juu ninajua nyumba yetu haiko peke yake.

Jina moja, milango mingi

Kwanza tujue tunachagua nini. Kwetu watu wanasema «injenieri» kama vile ni kazi moja. Lakini ukifika Faculté Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, unakuta milango mingi. Mwenye madini anajua namna ya kulifikia jiwe na kulitoa bila mulima kuangukia watu: kupasua kwa baruti, kusukuma maji nje, kupanga njia za malori. Mwenye metalurjia anapokea lile jiwe na kutoa metali iliyo ndani. Mwenye elektromekanika anashugulika na mashini na umeme vinavyofanya kazi hizo zote zitembee. Mwenye kemia ya viwanda ana mulango wake pia.

Tena jina «ingénieur civil» linadanganya wengi. Shemeji yangu aliamini ni mutu wa kujenga nyumba na madaraja. Hapana. Katika desturi ya masomo tuliyoachiwa na Wabelgiji, «ingénieur civil» ni cheo cha injenieri wa chuo kikuu, awe wa madini, wa metalurjia ao wa mashini. Kazi ya kujenga ni «génie civil». Kuna vijana wanaotaka diploma ya pili juu tu hawakuelewa jina la ile ya kwanza.

Na tuone jambo lingine. Elektromekanika yenyewe ni kazi mbili zilizofungwa kwa kamba moja, umeme na mashini. Kijana wetu alifikiri anaomba vitu viwili. Kumbe alikuwa anaomba vitatu.

Hesabu ya saa

Shemeji yangu ni mwalimu, anapenda hesabu. Basi tulikaa naye na karatasi.

Katika mupango mupya wa LMD, licence inachukua miaka 3 na master miaka 2. Mwaka mumoja una krediti 60, na krediti moja inahesabiwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, ndani ya auditoire na nyumbani. Hiyo inafanya saa 1.500 kwa mwaka. Tukiigawanya kwa majuma 30 ya masomo, ni saa 50 kwa juma. Hiyo ni kwa fani moja.

Kwa fani mbili pamoja, ni saa 100. Juma nzima lina saa 168. Mutoto akilala saa 7 kila usiku, 49 zimeondoka, zinabaki 119. Ondoa 100 za masomo, zinabaki 19. Kutoka kwetu mupaka campus, kwenda na kurudi, ni karibu saa 2 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 12. Zinabaki 7 kwa juma nzima: kula, kuoga, kusali, kufua nguo, kuchota maji wakati robine imekauka.

Shemeji akaweka kalamu chini. «Huyu hatasoma bintu bibili,» akasema. «Atashindwa bintu bibili.»

Ni kweli, masomo fulani yanafanana. Miaka ya kwanza wanafunzi wote wa uinjenieri wanakutana na matematika, fizika, kemia, mekanika na michoro. Lakini hiyo inatuonyesha kwamba hakuna haraka. Kama mwanzo ni mumoja, mutoto anaweza kuingia kwa mulango moja, asome vizuri, na aamue juu ya ule wa pili wakati macho yamefunguka.

Diploma iliyo ndani ya valizi

Kule Kolwezi nilikutana na injenieri mwanamuke, wa miaka thelathini na kitu. Yeye ana zile diploma mbili ambazo kijana wetu anazitamani. Alinipokea vizuri, na hakunificha kitu.

«Nilisoma myaka kenda,» alisema. «Kwanza elektrisite ku institut, kiisha nikaanza tena zero ku Polytechnique, metalurjia. Siku ya kuandikwa kazi, banaangalia diploma moja. Ile ingine iko ndani ya valizi.»

Nilimuuliza kama anajuta. Alinyamaza kidogo.

«Haina kusema nilipoteza. Batu ba kuran bakizungumuza, ninasikia yote, habanidanganye. Ile iko faida. Lakini mudogo wangu aliacha masomo mu mwaka yangu ya saba, juu makuta ya minervali ilikuwa ya mutu mumoja tu. Leo anauzisha makala. Akiniona ananiita “injenieri wetu”, na heshima yote. Kila mara ananiita vile, ninaangalia chini.»

Niliandika yale maneno namna alivyoyasema, na nilipofika nyumbani niliyasoma mbele ya wote. Musichana wa dada yangu alisikiliza bila kupepesa macho.

Njia ya shaba

Mutu wa tatu ni muzee aliyetumika Gécamines, metalurjia yake tangu ujana, sasa yuko katika pansio. Nilimupelekea kijana mwenyewe. Muzee hakuanza na shauri; alianza kwa kumutembeza, kwa maneno, katika njia ya shaba.

Jiwe linatoka katika mugodi. Linavunjwa, linasagwa mupaka linakuwa kama unga. Linatiwa katika asidi ya sulfuri, shaba inayeyuka na kuingia katika maji. Yale maji yanasafishwa kwa dawa zinazokamata shaba peke yake. Mwishoni yanaingia katika mabeseni ya elektrolisi, umeme unapita, na shaba inajipanga juu ya bamba, safi karibu 99,99 kwa mia. Kwa tani moja ya shaba, yale mabeseni yanakula karibu kilowati-saa 2.000. Ndiyo maana nchi ilivuta laini ya umeme kutoka Inga mupaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700: shaba yetu inakunywa umeme kama vile mutu anakunywa maji.

Kijana akaruka: «Muzee, njo vile mie minasema! Metalurjia bila kuran haitembee. Basi nisome byote bibili.»

Muzee akacheka. «Mwanangu, mie nilitumika myaka makumi tatu mu elektrolisi. Kuran ikikatika, sikuwa naenda kutengeneza mashini. Nilikuwa naita mutu wa elektromekanika. Lakini nilipashwa kumuambia muzuri kintu gani iko naharibika, na nguvu gani minataka ku beseni. Nayeye alipashwa kunisikia. Kiwanda haitafute mutu mwenye kujua yote. Inatafuta batu benye kujua kimoja mupaka chini, na kusikia luga ya jirani.»

Kusikia luga ya jirani. Nadhani hapo ndipo jibu lilipo. Luga ya jirani haidai diploma nzima. Inapatikana kwa masomo machache ya kuchagua, kwa staji ndani ya kiwanda, kwa kazi ya mwisho wa masomo unayoiweka kwenye mupaka wa fani mbili, na zaidi sana kwa kuuliza wenye kazi bila haya.

Tuangalie mufano wa Kinshasa. Mwaka 2013, watu wa ule muji waliona roboti kubwa zimesimama katika njia panda, zinaongoza magari. Aliyezileta ni injenieri Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA ya Kinshasa. Ndani ya roboti moja kuna metali, elektroniki, kamera na bamba za jua. Kama alipashwa kutafuta diploma moja kwa kila kipande, angekuwa bado katika auditoire.

Wakati gani ya pili inafaa

Sisemi diploma ya pili ni mubaya. Kuna wakati inafungua mulango ambao ya kwanza haiufungui. Kabla ya kulipa, muzazi na kijana wakae pamoja wajiulize maswali manne.

La kwanza: kuna kazi gani, yenye jina, ambayo siwezi kuifanya bila ile diploma ya pili? Kama jibu ni «itasaidia tu», hilo si jibu, ni woga wa kukosa kazi. Ule woga una haki, wote tunaujua. Lakini hauponi kwa karatasi ya pili.

La pili: naweza kuipata nyuma ya ile ya kwanza, katika master ya fani jirani? Mupango wa LMD ulitengenezwa ili krediti uliyokwisha kupata isipotee. Lakini uende mwenyewe kwa secrétariat ya faculté, uulize ni masomo gani watakuhesabia, na uulize kabla ya kulipa.

La tatu: naweza kuisoma wakati nina kazi na mushahara wangu, bila kutoa makuta mufukoni mwa baba?

La ine: ni nani anayengojea nyuma yangu?

Swali hili la mwisho halimo katika kitabu chochote cha chuo kikuu. Lakini kwetu ndilo la kwanza, hata kama tunaliuliza mwishoni. Miaka ya mutoto mukubwa ni ya nyumba nzima. Akiongeza mitatu, kuna mwingine anayepunguziwa.

Bahasha mbili

Kabla hatujaaga, muzee alimuuliza kijana jambo moja: «Mashini ikisimama, roho yako inakimbilia fasi gani? Unataka kujua juu ya nini imesimama, ao unataka kujua kile kintu kilikuwa ndani yake kimekuwa nini?»

Kijana alifikiri. Nyumbani ndiye anayefungua redio, feni na simu za avenue nzima. Mara nyingine zinarudi zimepona, mara nyingine zinabaki visuruu mezani.

— Juu ya nini imesimama, akajibu.

— Basi umekwisha kuchagua, muzee akasema.

Ataingia elektromekanika. Amesema kazi yake ya mwisho ataifanya juu ya umeme wa mabeseni ya shaba, ili aguse metalurjia kwa mukono mumoja. Miaka mitano ni mingi, mawazo yanaweza kugeuka, na hayo si mabaya. Kama siku moja atataka ile diploma ya pili, itamungojea. Metalurjia haitahama Katanga.

Juzi nilipita tena kwa dada yangu, usiku, umeme umekatika. Shemeji alikuwa mezani na mushumaa, makuta ya mwezi mbele yake, anayagawanya polepole katika bahasha mbili. Juu ya ya kwanza aliandika jina la kijana. Musichana alisimama nyuma ya kiti chake, anaangalia kalamu. Shemeji akavuta bahasha ya pili, akaandika jina lake pia, akaikunja. Hakusema kitu. Musichana akaenda kuchukua kitabu chake cha kemia, akakaa karibu na mushumaa.