Kisasi Kinauzwa Bei Gani?

Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ikishaacha bandari ya Mwanza, vichwa vinainamia simu. Ni safari ya saa tatu na ushee, na katikati ya ziwa mtandao huja na kuondoka. Kijana niliyeketi naye alikuwa amefika sehemu ya 47 ya simulizi ya kisasi: mkwe masikini aliyetimuliwa usiku wa mvua amerudi tajiri, na baba mkwe ameshapiga magoti. Hapo maandishi yakakata: “Itaendelea. Lipia upate 48 hadi 57.” Kijana akasonya. Salio alikuwa nalo, mtandao ndio haukuwepo. “Kaka, arosto hii mpaka Nansio!”

Biashara yenyewe ndiyo hiyo. Dhuluma unaisoma bure, malipo yake unayalipia. Nani hajawahi kupunjwa kwenye mzani wa dagaa au kuzungushwa mshahara wake? Mhusika anayedanganya, anayetia sumu na kufilisi watu anatufanyia tusiyothubutu, nasi tunamshangilia. Raha hiyo si dhambi. Kosa ni kuinunua bila kupiga hesabu. Basi tuzipigie hesabu njia nne za kuipata.

Kundi la WhatsApp. Ni Kiswahili chetu, na unalipa kwa simu. Tuseme admini anatoza sh 500 kwa kila sehemu kumi. Simulizi ya sehemu 120 itakula sh 6,000, na ukilipa kidogo kidogo utakatwa makato mara 12. Ukinunua nzima, makato ni ya mara moja. Hatari yake ni kwamba huna risiti. Mimi niliwahi kulipia “yote”, nikatumiwa nusu, kisha nikatolewa kundini. Halafu kuna zinazosambazwa bila mwandishi kujua. Bei yake ni ndogo kwa sababu aliyeumiza kichwa hapati kitu.

Programu za sarafu. Webnovel na wenzake hukupa sura za mwanzo bure, kisha kufuli. Sarafu huuzwa kwa mafungu, kwa hiyo mara nyingi zinabaki chache zisizotosha sura inayofuata, nawe unaongeza fungu jingine. Simulizi nyingi humo ni za Kiingereza na huvuka sura elfu moja. Na mwisho hauna dhamana: Reverend Insanity ya China, maarufu kwa mhusika wake asiye na huruma, ilianza 2012 ikasitishwa 2019 kabla ya kuisha. Uliyekwisha kulipa, umelipa.

Simulizi za sauti YouTube. Hapa unalipa kwa bando na kwa matangazo. Shusha ubora wa picha hadi 144p, maana unachohitaji ni sauti. Zinamfaa fundi cherehani au mama anayeanika dagaa, mikono ikiwa kazini. Ubaya wake ni kwamba kurudia kipande kilichokupita ni kazi.

Kitabu. Unalipa mara moja, unasoma bila chaji, ukimaliza unaazimisha au unauza. Ukijiandikisha Maktaba ya Mkoa, gharama inashuka zaidi. Tatizo ni upatikanaji: unaweza kuzunguka wauza vitabu vya mtumba siku nzima usikione unachotaka.

Mtindo wa “itaendelea” haukuletwa na simu. Eric Shigongo, aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa 2020, alijenga jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers. Tofauti ni kwamba gazeti lilikusubirisha wiki nzima, nawe ukapoa. Simu inakudai hapo hapo, damu ikiwa bado moto.

Kwa thamani ya shilingi, mimi nampa ushindi mtoto wa Ukerewe. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anatupa Kazimoto, msomi anayetaka kumlipizia kisasi Manase, aliyemharibia Rukia, dada wa Kazimoto. Mpango wake ni kumpata Sabina, dada wa Manase. Mpango unageuka ndoa, na deni linaanza kumdai mdai mwenyewe. Mwisho siutaji. Ila simulizi nyingi za kundini hufunga duka adui akianguka. Kezilahabi anaendelea hadi bili ya kisasi ifike mezani. Humshangilii Kazimoto, unajikuta unajikagua. Asiyependa mawazo mazito atachoka, lakini anayeyapenda atakisoma mara tatu kwa bei ile ile.

Kwa hiyo, mwenye mikono yenye kazi achukue sauti. Mwenye Kiingereza na subira atumie sura za bure za programu, akifika kwenye kufuli ajipangie kiwango cha mwezi. Anayetaka kisasi cha Kiswahili cha kumaliza safari anunue simulizi nzima kwa mwandishi mwenyewe, aipakue kabla meli haijang’oa nanga.

Na kabla ya kutuma hela, muulize muuzaji neno moja tu: imeisha?