Staji ya benki Mbarara: karatasi kwanza

Wazazi wengi wananiuliza kama mtoto wa mkimbizi anaweza kufanya staji kwa benki. Ndiyo, anaweza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mimi nasoma biashara, na nimemaliza miezi miwili kwa benki moja pale Mbarara.

Mshahara hakuna. Nauli ya kila siku kutoka Nakivale kupitia Masha sikuiweza, basi nikapanga chumba pamoja na mwenzangu. Mama aliuza mahindi ili nilipe.

Pesa sikushika. Nilikaa meza ya wateja wapya, nalinganisha fomu, kitambulisho, picha na sahihi. Jioni keshia anahesabu pesa zake mpaka zilingane na kompyuta. Zikipungua hata kidogo, lazima sababu itafutwe.

Siku moja alikuja kijana wa huku kwetu kufungua akaunti. Kadi ya ukimbizi inasema Fulaha, barua ya chuo inasema Furaha. Herufi moja tu! Faili ikasimama, na kijana akarudi bila akaunti.

Wazazi wapendwa, linganisheni leo majina ya watoto kwenye kadi na kwenye ripoti ya shule. Yakitofautiana, nendeni OPM au kwa mwalimu mkuu kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa UNEB. Tangu 2020 Opportunity Bank ilifungua tawi hapa hapa Nakivale. Na wao wataomba karatasi hizo hizo.