Kuitengeneza Nyumba ya Wazee: Mirathi Kwanza, Chokaa Baadaye

Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, na katika mitaa ya Lamu, Pate na Siyu, zimo nyumba za mawe zilizosimama kwa vizazi kadhaa na ambazo sasa zinaporomoka kidogo kidogo. Mlango wa nakshi ungalipo na baraza ingalipo, lakini dari imeinama na mti umeota juu ya ukuta. Mpita njia husema kuwa mvua imeishinda nyumba. Majirani husema jambo jingine: wenyewe hawajaelewana.

Kauli zote mbili ni za kweli, na ya pili ndiyo huileta ya kwanza. Kaka husema nyumba si yake peke yake. Dada husema yeye ameolewa na ana kwake. Mdogo wao aliyeko ughaibuni husema atatuma fedha pindi atakapojua zinakwenda wapi. Masika matatu yakipita katika hali hiyo, tundu ambalo lingezibwa kwa karai moja la chokaa huwa ni dari nzima ya kujengwa upya. Kwa sababu hiyo makala haya yanaanza na mirathi, kisha ndipo yafike kwa fundi.

Nyumba hii ni ya nani?

Swali hili huonekana la aibu, hasa wakati mama yu hai na watoto wanapendana. Lakini ni wakati huo wa mapenzi ndipo lifaapo kuulizwa. Nchini Kenya, mali ya Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya 2010, katika Ibara ya 170, imezipa Mahakama za Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kuamuliwa huko.

Kabla ya kugawa, hutolewa gharama za maziko, madeni ya marehemu, na wasia usiozidi thuluthi moja ya mali. Kinachobaki ndicho cha warithi, kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa. Tuchukue mfano wa baba aliyeacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, huku wazazi wake wakiwa wametangulia mbele ya haki. Nyumba ikikatwa mafungu 48, mama atapata 6, ambayo ni thumuni. Kila mwana wa kiume atapata 14. Na kila binti atapata 7. Fungu la binti halipotei kwa kuwa ameolewa, wala kwa kuwa anakaa mbali. Kumwambia kwamba yeye ana kwake na hivyo asihesabiwe ni kumnyima haki aliyopewa na Mola wake.

Yapo mambo matatu ambayo familia za pwani hazina budi kuyachunguza kabla ya kupiga hesabu hiyo. La kwanza ni hiba. Katika Lamu na miji mingine ya Waswahili ilikuwapo ada ya baba kumpa binti nyumba, au orofa ya nyumba, anapoolewa. Ikiwa hiba hiyo ilitimia na kukabidhiwa marehemu akiwa hai, basi ni mali ya binti na haimo katika mirathi. La pili ni wakfu: nyumba iliyowekwa wakfu hairithiwi wala haiuzwi kama mali ya mtu. La tatu ni ardhi, kwani Mombasa wako watu wengi wanaomiliki nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Hati zitafutwe sandukuni, wazee waulizwe, na Kadhi aombwe ufafanuzi palipo na shaka.

Kutoa, kukopesha au kununua

Mafungu yakishajulikana, gharama huwa na kipimo. Tuseme ukarabati wa dari na ukuta mmoja utagharimu shilingi 480,000. Kwa mafungu 48 tuliyoyataja, kila fungu ni shilingi 10,000: mama 60,000, kila mwana wa kiume 140,000, kila binti 70,000. Aliye na fungu kubwa anabeba mzigo mkubwa, na hapo insafu inaonekana kwa macho. Watoto wakipenda kumlipia mama yao sehemu yake, huo ni wema na wataukuta kwa Mola wao.

Ugumu huja pale mmoja anapolipa zaidi ya sehemu yake. Huenda ni yule aliyeko Jeddah au Dubai, au ni dada mwenye mshahara wa kudumu. Anatoa shilingi 300,000 kwa moyo mkunjufu, na hakuna anayesema neno. Baada ya miaka kumi, watoto wake wanadai kuwa nyumba ni ya mama yao kwa sababu ndiye aliyeijenga, na watoto wa ndugu zake wanasema ile ilikuwa sadaka. Waliokuwa wakijua ukweli wamekwisha fariki.

Kwa hivyo fedha iliyozidi ipewe jina siku ile ile inapotolewa. Ama ni hiba, na mtoaji hatadai kitu. Ama ni karadha, na ndugu watairudisha bila ya ziada kwa muda waliokubaliana. Ama ni bei ya fungu ambalo ndugu mmoja amemuuzia mwenzake kwa ridhaa. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Msahafu. Ukurasa mmoja wenye sahihi za ndugu wote na mashahidi wawili hauvunji undugu, bali huwakinga watoto wao wasije wakagombana kesho.

Aidha, yuko yule anayeishi ndani ya nyumba na mama. Mara nyingi ni binti asiyeolewa au aliyeachika, ambaye usiku wa mvua huamka kutega ndoo na asubuhi hukausha magodoro. Huyu hatoi fedha nyingi, lakini utunzaji wake ndio ulioifikisha nyumba hapa ilipo. Familia yenye busara huizungumza hali yake mapema: atakaa wapi wakati wa kazi, na atabaki na chumba gani kazi ikiisha.

Kuielewa nyumba kabla ya kuigusa

Nyumba ya kale ya pwani ina maumbile yake. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na unene wake mara nyingi hukaribia nusu mita. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki upana wa mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha hushindiliwa kokoto na chokaa. Dari ya namna hiyo ni nzito yenyewe kabla ya kuongezewa kitu. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina uzito wa tani nzima, na kuliweka katikati ya dari ya boriti ni kuiita hatari. Liwekwe chini, au lijengewe nguzo zake.

Kosa linaloziumiza nyumba hizi kuliko yote ni saruji. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka polepole kupitia plasta, na ukuta hukauka. Saruji huyafungia ndani. Maji hayo yana chumvi, kwani mawe yenyewe yametoka baharini, na chumvi ikiganda chini ya plasta ngumu huisukuma nje pamoja na uso wa jiwe. Ncha za boriti zilizozama ukutani nazo hulowa na kuoza bila ya kuonekana. Mwenye nyumba huona plasta imebambuka, akaamini kuwa saruji ilikuwa haba, akaongeza nyingine. Rangi za plastiki hufanya madhara ya aina hiyo hiyo. Chokaa ya kupaka ndiyo iliyo salama.

Fundi akija, mwambie aipime kila boriti kwa kuichoma bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, boriti imeoza au imeliwa na mchwa. Boriti mpya zinunuliwe kwa mfanyabiashara mwenye kibali, maana ukataji wa mikoko unasimamiwa na serikali. Mwaka 2018 ulipotangazwa usitishaji wa ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa Lamu waliathirika sana.

Kazi ianze juu

Utaratibu wa kazi ni kufuata maji. Kwanza paa na mifereji yake, kisha choo na bafu za orofani, ambazo huvuja kimya kimya kwa miaka, kisha dari na boriti, kisha kuta, na mwisho sakafu na rangi. Aanzaye kwa kupaka rangi sebuleni ili wageni wapendezwe atailipia rangi hiyo mara ya pili.

Msimu nao una maana. Kazi ya paa inafaa miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, kabla ya masika. Lakini chokaa haipendi jua kali, kwa kuwa hukomaa polepole kwa hewa na unyevunyevu. Plasta mpya hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Chokaa iliyokwisha kuzimwa ikilowekwa kwa miezi huwa bora zaidi, kwa hivyo ni vyema familia iiloweke mapema, hata kabla ya fedha zote kukamilika.

Kila mtu na kazi yake

Msaada wa jamaa hupunguza gharama ukiwekwa mahali pake. Vijana wanaweza kuhamisha kifusi, kuchekecha mchanga, kubeba maji na kukwangua plasta iliyokufa. Mabinti wanaweza kupiga picha kila chumba kabla ya kazi, kuhesabu boriti na kuweka daftari la fedha. Daftari hilo, likitumwa kila Ijumaa kwa ndugu wote pamoja na risiti, litamtuliza aliye mbali kuliko maneno mengi. Bibi naye ana elimu isiyopatikana kwa fundi yeyote: anajua kisima cha zamani kilikuwa wapi, ukuta upi uliwahi kuanguka, na zidaka zipi zilizibwa.

Ziko kazi ambazo si za jamaa. Umeme uachiwe fundi mwenye leseni. Ukuta wowote usibomolewe kabla ya mwashi anayezijua nyumba za mawe kutamka kuwa haubebi kitu. Chokaa mbichi, isiyozimwa, huunguza ngozi na macho, na huchemka inapotiwa maji. Watoto wawe mbali, na anayeishika avae glavu na miwani. Ikimwingia mtu jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi na apelekwe hospitali.

Jirani na kibali

Nyumba hizi ziligusana kwa makusudi. Wikio, kile chumba kilichovuka juu ya njia, kiliwawezesha wanawake wa nyumba mbili kutembeleana bila ya kushuka mtaani. Leo ndugu wakitaka kufungua dirisha jipya au kuongeza orofa, wajiulize litamwangalia nani. Dirisha linalotazama ua wa jirani linamvunjia stara, na haki ya jirani imesisitizwa sana katika dini yetu. Maji ya paa lako yasimwagikie ukuta wake.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa nao ni eneo la hifadhi. Katika miji yote miwili, mwenye kutaka kubadili umbo la nyumba aulize kwanza katika serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mbali na kibali, huko hupatikana ushauri na majina ya mafundi wa chokaa.

Ikiwa hamuwezi

Wapo ndugu ambao, baada ya hesabu zote, hawana uwezo. Hilo si aibu. Watengeneze paa peke yake mwaka huu, kwani nyumba isiyovuja inaweza kungoja. Wakiazimia kuuza, fungu lipitishwe kwanza kwa ndugu wenyewe; sheria yetu imempa mshirika haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kulinunua kabla ya mgeni. Huko Shela, kisiwani Lamu, nyumba nyingi za mawe zimekwisha kuingia mikononi mwa watu waliotoka mbali, na wajukuu wa waliozijenga huzipita tu njiani.

Masika hayangoji. Mwiteni mama, wapigieni walio mbali, wekeni kalamu na karatasi mezani baada ya Isha, na muanze na lile swali la kwanza. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee waliotujengea, na azitie baraka nyumba zetu na nyoyo za wanaoishi ndani yake. Amin.