Kiganja Husema Ulichokula

Mama msomaji, unapompeleka mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya, Matai au kwingineko, mhudumu humfungua kiganja na kukitazama. Kikiwa kimepauka, hushuku upungufu wa damu. Ndivyo ngozi ilivyo: mambo ya ndani huyaleta nje.

Wataalamu nao wamepata jicho kali zaidi. Mwaka 1928 C. V. Raman wa India aligundua kwamba mwanga ukigonga kitu, sehemu ndogo yake hurudi ikiwa imebadilika rangi, na kila kitu huibadilisha kwa namna yake. Leza ilipovumbuliwa mwaka 1960, kazi hiyo ikawa rahisi. Wapo waliochunguza vipande vya kucha kwa leza, wakitafuta dalili za udhaifu wa mifupa kwa akina mama waliokoma hedhi.

Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Werner Gellermann na wenzake waliangaza ngozi kwa mwanga wa leza ili kupima karotini na jamii yake, yaani rangi zinazotoka kwenye mboga na matunda. Hakuna sindano wala kutoa damu. Kiganja hufaa kwa sababu rangi nyeusi ya ngozi ni kidogo hapo, kwa watu wa kila taifa. Mla mboga na matunda kipimo chake hupanda. Cha mvuta sigara hushuka.

Sasa tujiulize: viganja vya watoto wetu vingesema nini? Rukwa ni ghala la mahindi na maharage. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Leza hiyo haipimi udumavu, lakini inatukumbusha kuwa kushiba si kulishwa vizuri. Ugali wa mahindi meupe, hata ukijaa sinia, hauna karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho.

Dawa yake iko shambani: majani ya maboga, mchicha, matembele, boga la njano, karoti, papai. Tia mafuta kidogo ya alizeti, maana karotini huingia mwilini pamoja na mafuta. Ongeza maharage na dagaa wa Ziwa Tanganyika ili mtoto akue. Mboga isiishie kwenye sahani ya baba.

Leo jioni, ukimnawisha mwanao, kitazame kiganja chake. Kikiwa kimepauka, usingoje leza. Mwahishe kwa mganga.