Mayai Yaliyopanda Basi

Mwezi Juni mwaka jana, siku mbili baada ya boom kuingia, nilifanya jambo ambalo wenzangu wa geto hawajaacha kunitania mpaka leo. Wao walikuwa wanalipa madeni ya dukani na kununua viatu. Mimi nikatuma shilingi 52,000 kwa mfugaji mmoja wa Shinyanga: 45,000 za mayai 30 ya kuku aina ya kuchi, na 7,000 za boksi na nauli ya basi.

"Yaani unaagiza mayai Shinyanga wakati kwa Mangi hapo nje yapo?" mwenzangu aliniuliza. Tayari alikuwa ameshika kikaango.

Sikuwa nafanya mzaha. Kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, kideri kilipita mwezi Novemba. Mama alikuwa na kuku 40. Ndani ya wiki moja walibaki matetea watatu. Kuku wale ndio walioninunulia madaftari na sare tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, kwa hiyo niliposikia mama anasema kwenye simu, "Banda liko kimya mwanangu," sikulala vizuri. Nikamwambia atulie, nitalijaza. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mdomo tu.

Naandika makala hii kwa sababu wanachuo wengi hapa Ng'ong'ona na kwingine wameanza kutotolesha vifaranga geto, na wengi wanaagiza mayai ya mbali. Mayai yaliyosafiri si sawa na mayai ya banda la jirani. Na Dodoma si Dar es Salaam. Hayo mawili ningeyajua mapema, ningeokoa roho kadhaa.

Kwa nini mayai, siyo kuku?

Kwanza, kuku mkubwa anayetoka mbali anaweza kuja na kideri mwilini kabla hajaonyesha dalili, ukamwingiza bandani ukamaliza hata wale watatu. Yai lina hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri: kuna magonjwa, kama kuhara kweupe kwa vifaranga, ambayo mama kuku huyapitisha ndani ya yai. Muulize muuzaji afya ya kundi lake.

Pili, nilitaka mbegu ya kudumu. Kuroiler na Sasso ni kuku wazuri, wanakua haraka, lakini ni chotara. Ukitotolesha mayai yao, watoto hawatafanana na wazazi wao: mmoja atakua, mwingine atadumaa. Kuchi ni kuku wetu wa asili, mrefu, mzito, jogoo wake ana hasira na bei. Hatagi sana, lakini ukimchanganya na matetea ya kijijini unapata kizazi chenye mwili.

Safari inafanya nini kwenye yai

Basi lilitoka Shinyanga jioni, likapita Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Manyoni na Bahi, likaingia Dodoma alfajiri ya Jumamosi. Yai ndani ya boksi linatikiswa njia nzima.

Ukilivunja yai utaona kiini kimeshikwa pande mbili na kamba nyeupe za ute. Kazi ya kamba hizo ni kukiweka kiini katikati. Upande butu wa yai kuna chumba cha hewa, ambacho kifaranga atakitumia kuvuta pumzi yake ya kwanza. Mtikisiko mkali hulegeza kamba na kubandua utando wa chumba cha hewa, kiasi kwamba ukilimulika yai na tochi unaona povu la hewa linatembea huku na huku kama lile la pima maji ya fundi uashi. Yai la namna hiyo halijafa, ila limejeruhiwa.

Adui wa pili ni joto. Kiinitete hulala yai likiwa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 20 hivi. Likipata joto la buti la basi mchana, huanza kukua, kisha likipoa husimama. Kuanza na kusimama mara kadhaa humdhoofisha, na wengi hufa wiki ya kwanza. Ndiyo maana safari iwe ya usiku, na miezi ya Juni na Julai ni mizuri kuliko Oktoba na Novemba.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, kubaliana na muuzaji mambo haya. Mayai yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yasioshwe, kwa sababu maji huondoa utando wa nje unaozuia vijidudu. Jogoo mmoja asihudumie zaidi ya matetea kumi. Kila yai lifungwe karatasi peke yake, ncha kali chini, lizungukwe na pumba za mpunga, kisha boksi liingie ndani ya boksi lingine. Mwambie pia avunje yai moja la siku hiyo akupigie picha ya kiini: ukiona duara dogo jeupe lenye kingo, kama shabaha, lina mbegu. Ukiona doa tu lisilo na mpangilio, halina.

Yangu yalifika mawili yamepasuka. Yakabaki 28.

Yaache yapumzike

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anapokea mayai stendi, anakimbia nayo moja kwa moja kwenye mashine. Usifanye hivyo. Yapange kwenye trei, ncha kali chini, mahali penye ubaridi pasipo na jua, uyaache saa 12 hadi 24. Chumba cha hewa kinapata nafasi ya kurudi juu na kutulia. Yangu yalikaa chini ya kitanda toka Jumamosi alfajiri hadi Jumapili jioni, na nililala kwa wasiwasi maana yule wa kikaango alikuwa bado hajakata tamaa.

Yale yenye povu linalotembea niliyaweka kwenye mashine yakiwa wima, na sikuyageuza kabisa kwa siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo nikawa nainamisha trei upande huu na upande ule mara tano kwa siku, badala ya kuyabiringisha. Kugeuza ni lazima, maana kiinitete kisichogeuzwa hugandia kwenye utando wa ganda.

Mashine ya geto

Yangu ni boksi la foma lililowahi kubeba samaki, balbu mbili za wati 40, thamostati, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu na sahani ya maji. Rafiki yangu anayesoma kompyuta ndiye aliyeunganisha nyaya. Ikiwa na feni, lenga nyuzi joto 37.5. Isiyo na feni, pima usawa wa juu ya mayai na lenga kama 38.5, maana hewa ya juu huwa ya moto kuliko ya chini.

Usikiamini kipimo cha bei rahisi. Kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa, uone vinatofautiana kiasi gani. Changu kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi nzima. Kipimo cha unyevu nacho kifungie saa kadhaa kwenye kopo lenye chumvi iliyoloweshwa kidogo, isiyeyuke: kinatakiwa kisome asilimia 75. Kisiposoma hivyo, andika tofauti pembeni.

Siku ya nne umeme ulikatika kwa saa tano usiku. Nilijaza chupa mbili maji ya moto, nikazizungushia kanga, nikaziweka pembeni mwa trei, nikafunika boksi zima kwa blanketi. Yai huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kuzidiwa joto. Zikifika nyuzi 40 na zaidi kwa muda, ndiyo kwaheri.

Dodoma ni kavu, jamani

Maelekezo niliyokuwa nayo yalitoka kwa mfugaji wa Dar es Salaam. Alisema kwa msisitizo: "Maji weka kidogo sana, siku 17 za mwanzo hata usiweke." Kwake ni kweli. Pwani hewa yenyewe imebeba maji. Sisi tupo kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni hadithi. Upepo wa Juni unapasua midomo ya watu. Sasa fikiria unafanya nini kwenye yai.

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu, na maji hutoka humo kama mvuke. Hilo linatakiwa: chumba cha hewa kinakua kadiri maji yanavyopungua. Lakini hewa ikiwa kavu na nyepesi, maji hutoka haraka kupita kiasi.

Kuna njia ya kujua bila kubahatisha, na ni hesabu ya darasa la saba. Kufikia siku ya 18 yai linatakiwa lipungue uzito kama asilimia 13. Mayai yangu 28 yalikuwa na jumla ya gramu 1,260. Asilimia 13 ni gramu 164, ukigawa kwa siku 18 unapata gramu 9 hivi kwa siku. Kwa hiyo siku ya saba nilitakiwa niwe nimepoteza kama gramu 64. Nilipoyapima kwenye mizani ya dukani, yalikuwa yamepungua 91.

Nikaongeza sahani ya pili na kitambaa kilicholowa, unyevu ukapanda toka asilimia 30 hadi 55, na mteremko ukapungua. Laiti ningepima siku ya tatu. Wewe lenga 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na mizani ikwambie uongeze au upunguze. Ukitoa mayai mabovu, pima upya jumla ya yaliyobaki.

Kumulika

Siku ya saba usiku nilizima taa nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu, huku nimeziba pembeni kwa kiganja. Lenye uhai lina mishipa myekundu inayotawanyika kama mizizi, na doa jeusi linalotikisika. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Lililokufa lina mduara wa damu. Tupu zilikuwa 6, mduara wa damu 3. Nikabaki na 19. Siku ya 14 nikatoa mengine mawili. Yaondoe bila huruma. Viza likipasuka ndani ya mashine linachafua mayai yote, na geto lenu halitakaliwa.

Niliyemuua mwenyewe

Siku ya 18 ilikuwa Alhamisi. Unaacha kugeuza, unalaza mayai, unapandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, unafunga mfuniko. Kisha unakaa mbali. Hiyo ndiyo sheria, na mimi niliijua.

Jumamosi usiku nikasikia sauti ndani ya boksi. Aisee, sauti ile! Nikafungua kuangalia. Nikafungua tena kuwaonyesha wenzangu. Yule wa kikaango naye alichuchumaa, kimya kabisa. Kila tulipofungua, hewa kavu ya Dodoma iliingia na ule unyevu ukatoka wote. Kifaranga mmoja aliyekuwa ametoboa ganda, utando ulimkaukia mwilini kama karatasi ya gundi. Akakwama. Saa sita baadaye nikaona nimsaidie. Nikabandua ganda kwa kucha, kidogo kidogo, na damu ikatoka.

Baadaye nilielewa kwa nini. Baada ya tundu la kwanza, kifaranga huweza kukaa hata saa 24 bila kuendelea. Hajachoka. Anamalizia kunyonya damu iliyoko kwenye mishipa ya utando, na kiini kinaingia tumboni. Nilimkatizia kazi hiyo. Alikufa mkononi mwangu kabla ya asubuhi.

Ninasomea ualimu, na ile picha imenirudia mara nyingi kuliko somo lolote la malezi. Ukiona mtoto amekaa kimya na swali, usikimbilie kumjibu. Huenda yuko kazini.

Jumapili hadi Jumatatu walitoka wenyewe 11. Watano hawakutoka kabisa. Kati ya mayai 28, ni karibu manne katika kila kumi. Kwa mayai ya jirani ningehuzunika. Kwa mayai yaliyopanda basi ni matokeo ya kawaida, kwa hiyo agiza ukijua. Gawa 52,000 kwa 11: kila kifaranga amenigharimu karibu shilingi 4,700, bila kuhesabu LUKU ambayo wenzangu wa geto bado wananidai.

Siku ya saba niliwapa chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, na mama sasa anairudia kila miezi mitatu. Bila hiyo, yote niliyoandika hapa ni kazi ya kujaza debe lenye tundu.

Niliwapeleka Chamwino wakiwa na wiki tano. Mama aliwahesabu mara mbili, akauliza mayai yalikuwa mangapi. Nikamwambia. Akacheka, akaniita nyuma ya nyumba. Kwenye kikapu chenye majani na jivu, tetea mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameatamia mayai tisa. Alitotoa manane.

"Safari nyingine," mama akasema, "hayo mayai yako ya basi yalete hapa."

Nimeshaagiza mengine kumi na mbili. Tetea anajua unyevu wa Dodoma kuliko mimi.